Nani ataifungua saa ya babu?

Mpelekee fundi saa wa mtaani saa ya mfukoni aliyoiacha babu, na yaelekea kitu cha kwanza atakachokitafuta ni mahali pa kutia betri. Tusimcheke. Kazi inayompa ugali siku hizi ni kubadilisha betri, kupunguza pingili za mikanda ya chuma na kubandika vioo, na nyingi ya saa anazoletewa zina mashine yenye bei ndogo kuliko chai na chapati za asubuhi. Mambo yalianza kugeuka siku ya Krismasi mwaka 1969, Seiko ya Japani ilipoanza kuuza Astron, saa ya mkononi inayotumia betri na kwatzi. Uswisi kwenyewe, wafanyakazi wa viwanda vya saa walikuwa takriban 90,000 mwaka 1970. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. Mafundi wetu hawakupewa barua za kuachishwa kazi. Walibaki kwenye kimeza kilekile chenye sanduku la kioo. Kazi yenyewe ndiyo iliyowahama.

Hata hivyo, wanaozijua saa za ufunguo hawajaisha. Wapo Kariakoo, wapo Mombasa na Unguja, wapo Nairobi katika vichochoro vya katikati ya mji. Wengi ni watu wazima, na baadhi ni watoto na wajukuu wa familia zenye asili ya Kihindi zilizouza na kutengeneza saa huku tangu enzi za ukoloni. Shida ni kwamba fundi aliye hodari kwa saa moja anaweza kuwa hatari kwa nyingine, kwa hiyo anayeulizia fundi bora mjini ameuliza nusu ya swali. Kwanza ajue ana saa gani. Saa yenyewe ndiyo itakayosema ni nani aiguse, kama spea zake bado zipo duniani au itabidi zichongwe, na kama gharama ina maana yoyote.

Ili ijulikane lazima ifunguliwe, na hapo ndipo saa nyingi za urithi zinapopata majeraha yao ya kwanza. Usichukue kisu cha jikoni. Baadhi ya makasha hufunguka kwa bawaba, na ukiutazama ukingo vizuri utaona kijimdomo cha kuingizia ukucha. Mengine yana nyuzi kama kifuniko cha chupa: unaibana saa kati ya viganja viwili vikavu na kuzungusha kuelekea kushoto. Yapo pia yasiyo na mfuniko wa nyuma kabisa, ambayo mashine yake hutokea mbele. Ukijaribu ikagoma, mwachie mwenye kazi yake.

Kuna mtego mwingine kwenye kuitia ufunguo. Saa za zamani zaidi hutumia kifunguo kidogo cha kando. Mfaransa Adrien Philippe alibuni njia ya kutia ufunguo kwa kuzungusha kichwa kilicho juu ya saa katika miaka ya 1840, lakini Waingereza waliendelea na vifunguo vyao kwa miongo mingi baadaye. Kifunguo kikipotea usitumie koleo, kwa kuwa vingine huuzwa kwa saizi zenye namba. Na saa nyingi za reli za Kimarekani hazirekebishwi kwa kuvuta kichwa. Unafungua kioo, unavuta kijiti cha chuma kilichojificha ukingoni mwa uso, ndipo mishale izunguke. Asiyejua huvuta kichwa mpaka king'oke, kisha husema saa ilikuwa mbovu tangu zamani.

Mashine ikishaonekana, ipige picha kwa simu karibu na dirisha. Soma jina na namba zilizochongwa juu ya mashine, si zile za kwenye kasha. Jina la usoni nalo hudanganya, maana mara nyingi ni la duka lililouza. Kampuni ya West End, iliyoanza biashara Bombay mwaka 1886, iliuza India na Ghuba saa zenye jina lake ambazo zilitengenezwa Uswisi. Mwenye saa hiyo akikitafuta kiwanda Bombay atatafuta sana.

Kasha lina habari zake lenyewe. Fedha ya Uingereza hugongwa alama ya simba anayetembea, kuonyesha kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Pembeni hukaa kichwa cha chui kwa London, au nanga kwa Birmingham, mji usio na hata ufuko. Herufi moja hutaja mwaka. Lakini kilichomo ndani ya mfuniko ambacho mimi hukipenda kuliko alama zote ni mikwaruzo midogo sana, tarehe, herufi za majina na namba za siri, iliyochorwa kwa ncha kali na mafundi waliopata kuihudumia. Ikiwa na mikwaruzo mitano, kuna mtu aliyeijali. Ikiwa haina hata mmoja, yawezekana haikutumika sana, au ilitumika bila huduma mpaka ikafa.

Basi tuseme ni ya Kiingereza, ya karne ya 19. Hapo fundi wako awe mchongaji. Saa hizo hazikutoka kwenye kiwanda kimoja. Mashine ghafi mara nyingi ilitoka Prescot, Lancashire, ikamaliziwa Clerkenwell mjini London au Coventry, ikipita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja na kipande chake. Kila gurudumu lilisuguliwa likae kwenye saa ile moja tu, hata saa mbili za mtengenezaji yuleyule haziazimani kitu. Nyingi zina mnyororo mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, unaojizungusha kwenye pia ya shaba ili nguvu ya kamani iwe sawa kuanzia asubuhi hadi usiku. Minyororo hiyo ilitengenezwa kwa wingi Christchurch, Dorset, na wanawake na watoto walioharibu macho yao kwa kazi hiyo. Ukikatika, si kazi ya kimeza cha mtaani, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujakaa.

Ikiwa ni ya Kimarekani, mambo ni mepesi ajabu. Kampuni iliyokuja kuitwa Waltham, ya Massachusetts, ilianza mwaka 1850 ikiwa na wazo ambalo Wazungu wa Ulaya waliliona la kipuuzi: mashine zichonge vipande vinavyofanana kabisa, kiasi cha kuweza kuhamishwa kutoka saa moja kwenda nyingine. Elgin ya Illinois ikafuata mwaka 1864. Mwaka 1876 Waswisi walimtuma mhandisi Jacques David wa Longines akazichungulie kazi hizo, na ripoti aliyorudi nayo iliwatia hofu wenzake. Viwanda hivyo viwili havitengenezi tena saa za mfukoni. Waltham ilifunga mwaka 1957 na Elgin ikaacha katika muongo uliofuata. Lakini walishatoa makumi ya mamilioni, namba za mashine zao zinajulikana mwaka kwa mwaka, na fundi wa leo anaweza kununua saa mbovu ya aina ileile na kuifanya ghala la spea. Ndiyo maana saa ya mhudumu wa reli ya mwaka 1905 inaweza kupona kirahisi kuliko saa nzuri zaidi ya bwana mkubwa wa London.

Ubora wa hizo za reli una historia ya damu. Mwezi Aprili 1891, karibu na Kipton, Ohio, treni ya barua na treni ya abiria ziligongana kwenye reli moja. Lawama iliangukia saa ya dereva mmoja, iliyosemekana kusimama kwa dakika 4 kisha ikaanza tena bila yeye kujua. Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, akapewa kazi ya kuchunguza saa za wafanyakazi, na kufikia 1893 masharti yakawa yametoka: uso wazi wenye namba kubwa, vito visivyopungua 17, iliyopimwa katika mikao mitano, isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Ukiitazama ramani ya reli yetu ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, utaelewa kwa nini watu wa reli waliabudu saa. Njia moja, treni mbili, na kituo cha kupishana.

Niseme neno hapa kuhusu hivyo vito, kwa sababu vimeshagombanisha ndugu. Ni rubi ndogo zinazopokea ncha za magurudumu zisilike. Tangu Mfaransa Auguste Verneuil atangaze mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kiwandani, vito vya saa nyingi havifiki hata bei ya pete ya bati. Anayewaambieni kwamba ndani ya saa ya marehemu mna mawe 17 ya thamani hajawahi kujaribu kuyauza.

Za Kiswisi ndizo nyingi, na ndizo zinazochanganya, maana chini ya jina moja la nchi kuna Patek Philippe ya matajiri na kuna Roskopf ya vibarua. Georges Frédéric Roskopf, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi La Chaux-de-Fonds, alitaka kibarua naye awe na saa. Mwaka 1867 akatoa saa ya faranga 20 yenye sehemu 57 tu. Maonyesho ya Paris ya mwaka huo yakampa nishani ya shaba, na baadaye ikaigwa na kila mtu. Nyingi zilisafiri mbali. Si saa za kudharauliwa, lakini hazikutengenezwa zidumu karne, na kuihudumia moja ipasavyo kunaweza kugharimu mara kadhaa ya bei yake. Kama ilikuwa ya babu, itengeneze. Ila usiitengeneze ukidhani unatunza hazina.

Halafu kuna za jeshi. Ukiona nyuma ya kasha alama ya mshale mpana wa serikali ya Uingereza na herufi G.S.T.P., hiyo ni saa ya jeshi la Uingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mashine zake ni nzuri, za makampuni mbalimbali, na spea zinapatikana. Angalia uso tu. Namba zenye rangi ya manjano iliyoungua, zilizokuwa zikiwaka gizani, zimepakwa radiamu. Mwanga umekufa kwa sababu unga uliokuwa ukiwaka umechoka. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Baadhi ya wasichana waliopaka rangi hiyo Orange, New Jersey, wakichonga brashi kwa midomo, walikufa taya zao zikioza. Kuivaa saa hiyo na kioo chake kizima kwa kawaida si tatizo kubwa. Tatizo ni fundi anayekwangua namba kwa sindano na kupuliza vumbi kwa mdomo.

Sasa maradhi. Usiamini kwamba saa imeharibika kwa "kujazwa mno". Saa iliyojaa ufunguo na isiyokwenda haijajazwa mno. Imekatazwa kwenda na kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Saa ya kawaida ya wakati huo hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 432,000 kwa siku, na kila pigo hupitia kwenye mafuta ambayo tone lake ni dogo kuliko ncha ya sindano. Yakikauka, ncha za chuma husuguana na mawe. Kuendelea kuitia ufunguo saa kavu ili "isizoee kukaa" ni kuila polepole.

Ikiwa ghafla inakimbia, ikitangulia dakika nyingi kwa siku, shuku sumaku. Vifuko vya simu vinavyojifunga vyenyewe, spika, hata bangili: kamani ile nyembamba kama unywele ikinaswa na sumaku, mizunguko yake hushikana na saa hukimbia. Weka dira karibu; sindano yake ikicheza, umepata jibu. Kuiondoa sumaku ni kazi ya sekunde chache kwa kifaa kisicho ghali, na fundi anayekulipisha huduma nzima kwa hilo amekuibia.

Iliyoanguka ni habari nyingine. Kinga ya mishtuko iitwayo Incabloc ilikuja mwaka 1934, na saa nyingi za mfukoni hazina chochote cha aina hiyo. Gurudumu la mizani, lile linalocheza kwenda na kurudi, hukaa kwenye ekseli ambayo ncha zake zina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Anguko moja kwenye sakafu ya saruji, ncha imevunjika. Kwa Waltham au Elgin huenda ekseli ikapatikana imehifadhiwa kwenye bahasha mahali fulani. Kwa nyingine, lazima mtu akae kwenye mashine ya kukerezea aichonge kutoka kwenye chuma kitupu. Hiki ndicho kipimo changu cha fundi: muulize kama anakereza ekseli mwenyewe. Mwenye kuweza hatajisifu, atakuonyesha mashine.

Usiketi kwa fundi kabla hujamtazama akifanya kazi ya mtu mwingine. Kabla hajafungua chochote, je, anaisikiliza? Anaizungusha mikao mbalimbali? Anakuuliza ilisimama lini, na ilianguka au la? Ana mashine ndogo yenye maikrofoni inayosikiliza mapigo na kuyachora kwenye kioo? Mafuta yake ni yapi? Waliozoea kusafisha kwa petroli na kudondosha mafuta ya cherehani watakurudishia saa inayokwenda vizuri wiki ya kwanza, na mafuta yatakuwa yameshatambaa mpaka kwenye kamani. Na ukiambiwa, "Mama, hii haina spea, nikuwekee mashine ya betri, itakwenda vizuri tu," shukuru, ifunge saa kwenye leso, aga kwa adabu.

Anayekataa kazi ni mtu wa kuheshimiwa. Akikwambia, "Mzee wangu, hii sina vifaa vyake," muulize yeye angempelekea nani saa yake mwenyewe. Mafundi wanajuana, na jina linalotolewa na mtu asiyepata chochote kwa kulitoa lina uzito kuliko tangazo lolote.

Huenda jibu likawa nje ya nchi. Makampuni machache yaliyo hai hupokea kazi zao za zamani: Patek Philippe husema huhudumia saa zake zote tangu 1839, na IWC ya Schaffhausen tangu 1868. Uaminifu huo una bei yake, na baadhi ya viwanda hupenda kurudisha saa ikiwa mpya kupita kiasi. Taasisi ya Uingereza ya ufundi saa, iliyoanzishwa mwaka 1858 na yenye makao Upton Hall, Nottinghamshire, huwa na orodha ya mafundi waliothibitishwa. Marekani wapo wanachama wa chama cha wapenzi wa saa kilichoanzishwa 1943, chenye makumbusho yake Columbia, Pennsylvania. Huduma kamili huko huhesabiwa kwa mamia ya dola, na ekseli ya kuchonga huongeza. Wenye ndugu Dubai au Muscat wana njia fupi kwa saa za majina makubwa ya Kiswisi, mradi saa isafiri kwenye mkoba wa mtu na si kwenye sanduku.

Ukiituma kwa posta, mkufu ufunge peke yake, maana njiani hukwaruza kasha na kupasua kioo. Piga picha mashine pamoja na namba yake. Kwenye karatasi za forodha iandikwe wazi kwamba ni mali yako inayokwenda kutengenezwa na itarudi, la sivyo unaweza kutozwa ushuru kwa kitu ulichorithi.

Kabla haijatoka mkononi mwako, andikianeni. Nini kifanyike, nini kisiguswe, bei ya juu kabisa, na kwamba kila kipande kitakachobadilishwa kitarudi kwako kwenye kijifuko. Kasha lisipigwe msasa wala kung'arishwa mashineni. Nakshi ikishafutika hairudi, na saa nyingi za Kimarekani ni ngozi tu ya dhahabu juu ya shaba nyeupe au njano. Uso wa enameli, ule unaofanana na kikombe cha kauri, uliiva kwenye tanuri la joto la nyuzi 800 hivi. Ufa mwembamba ulio nao auache. Mishale ya buluu haikupakwa rangi. Ilipata buluu hiyo kwa kuchomwa taratibu hadi karibu nyuzi 300, na ikisuguliwa hubaki chuma kitupu. Wateja wetu hupenda kitu kilichotengenezwa king'ae, na mafundi wamejifunza kuwaridhisha. Ndiyo sababu ombi la kutokung'arisha litamke wewe mwenyewe, mara mbili.

Ikirudi, itie ufunguo asubuhi kwa wakati uleule, uiweke kwenye mfuko usio na simu wala funguo, na uipeleke kuoshwa baada ya miaka michache hata kama haijalalamika. Usiipime kwa simu kila saa. Ya reli, ikiwa katika hali yake, utaistaajabia. Ya kawaida ikipotea nusu dakika au hata dakika nzima kwa siku haina ugonjwa. Wazee wengi wa pwani, ambao siku yao mpya huanza jua likitua, walizoea kurudisha mishale mahali pake kila magharibi, na kosa la mchana mzima likafutwa kabla ya swala. Kwa utaratibu huo hata Roskopf ilitosha.